Sonona Rungwe: Jembe, Sala na Kidonge

Katika jumuiya zetu ndogo ndogo, mwenye sonona huambiwa haraka: shika jembe, sali zaidi. Hatuupuuzi ushauri huo. Kazi, usingizi wa kutosha, kuacha pombe na kukaa na watu huinua moyo, hasa ugonjwa ukiwa mwepesi. Lakini aliyeshindwa hata kuamka kwenda kuchuma chai haamriwi kuchangamka. Apelekwe hospitali, iwe ya serikali Makandana au ya Kanisa Igogwe. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anamhesabu tabibu kuwa kazi ya Mungu.

Amitriptilini au fluoksetini huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu. Anayeiacha siku ya tano hajaijaribu; na asiiache ghafla bila daktari. Tunapomtembelea, tuulize pia kama dawa zimebaki.