Mvua ya Singida yakokotolewa ughaibuni, kompyuta za nyumbani zimefungiwa

WAKATI mkulima wa alizeti wa Iramba au Ikungi akitazama mawingu ya Desemba na kujiuliza iwapo apande au asubiri, wapo watu asiowafahamu, ng'ambo ya bahari, ambao kompyuta zao zimewahi kukesha zikikokotoa mvua ya ukanda wake.

Oktoba 2019, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, kilizindua mradi wa kuiga mvua ya Afrika kusini mwa Sahara kwa vipande vya kilomita moja moja. Kazi hiyo ilikuwa kubwa mno kwa mitambo ya chuo, hivyo ikagawanywa na kusambazwa kupitia World Community Grid, mtandao wa kujitolea ulioasisiwa na kampuni ya IBM mwaka 2004, ambao mwaka 2021 ulikabidhiwa kwa Taasisi ya Utafiti ya Krembil ya Toronto, Kanada.

Utaratibu wake ni mwepesi kueleza. Mtu huweka programu iitwayo BOINC katika kompyuta yake. Programu huomba kazi kwa seva, hupewa kipande kidogo, hukikokotoa wakati kompyuta haina shughuli nyingine, kisha hurudisha jibu na kuomba kipande kingine. Maelfu ya kompyuta za namna hiyo hufanya kazi ya mtambo mmoja mkubwa.

Kabla ya mvua ilikuwa malaria. Mwaka 2006 kituo cha CERN cha Geneva na washirika wake walitangaza mpango wa Africa@home, na mradi wake wa kwanza, malariacontrol.net, ulikuwa wa Taasisi ya Uswisi ya Magonjwa ya Tropiki. Katika majaribio, watu 500 waliojitolea walifanya ukokotoaji ambao ungeichukua kompyuta moja miaka 150. Miongoni mwa takwimu zilizotumika kujenga modeli hiyo ni za Namawala, kijiji cha Bonde la Kilombero. Yaani mbu walinaswa kwetu, hesabu zikafanyika kwao.

Kwa mkoa wa Singida jambo hili si la mbali. Mkoa una msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba hadi Aprili, na wiki mbili za ukame katikati ya msimu zinaweza kuharibu shamba zima. Malaria Singida ni kidogo, lakini Tabora, jirani wa magharibi, iliongoza nchi kwa maambukizi katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022.

Kulikoni, basi, kompyuta za vyuo na ofisi za Singida zisishiriki? Kisingizio cha mtandao duni hakina tena nguvu iliyokuwa nayo zamani. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009, unapita mkoani humo.

Kikwazo kiko mlangoni, nacho ni faiawoli, yaani ukuta wa ulinzi unaokagua kila kinachoingia na kutoka katika mtandao wa taasisi.

Tuchukulie mfano wa chuo chenye maabara ya kompyuta 40. Msimamizi wake amefunga milango yote isipokuwa ile miwili ya kurasa za intaneti, namba 80 na 443, na kila ombi lazima lipite kwa seva ya uwakala yenye nywila. Wengi hudhani hapo safari imeisha, na hukosea. BOINC haihitaji mlango wowote wa kuingilia. Ni yenyewe inayoanzisha mazungumzo, seva haiigongei hodi. Hutumia milango hiyo hiyo miwili, na ina sehemu ya kujaza anwani ya seva ya uwakala pamoja na jina na nywila. Folding@home, mradi wa utafiti wa protini ulioanza mwaka 2000, ulikuwa mgumu zaidi, kwa kuwa kwa miaka mingi ulitegemea pia mlango 8080, ambao ofisi nyingi huufunga.

Tabu halisi hutokea mahali pengine. Zipo kuta zinazofungua mawasiliano yaliyosimbwa ili kuyakagua, kisha kuyafunga upya kwa cheti chao wenyewe. Kivinjari cha ofisi kimefundishwa kukiamini cheti hicho. BOINC haijafundishwa, hivyo hukata mawasiliano. Dawa yake ni msimamizi kuziondoa anwani za mradi katika ukaguzi. Mtumiaji peke yake hawezi.

Hapo ndipo vijana wetu wanapopotoka. Ushauri wa haraka wanaoupata kwa wenzao wa nje ni kuchimba njia ya chini kwa chini: kutumia VPN na kuupita ukuta. Ni ushauri mbaya, na nchini mwetu ni wa hatari.

Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020 zilikataza matumizi ya teknolojia ya kuyafikia maudhui yaliyopigwa marufuku, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni tano, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Oktoba 2023, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) iliwataka watumiaji wa VPN kujisajili kabla ya mwisho wa mwezi huo. Utafiti wa mvua si maudhui haramu, lakini anayetaka kuyaeleza hayo polisi usiku na aende.

Hata Marekani kwenyewe mambo hayakuwa mepesi. Msimamizi mmoja wa mitambo katika chuo cha ufundi cha DeKalb, jimbo la Georgia, aliweka programu ya aina hii katika kompyuta za chuo bila idhini, akashtakiwa. Kesi iliisha kwa makubaliano Januari 2002: mwaka mmoja chini ya uangalizi, dola 2,100 na saa 80 za kazi za jamii. Kosa lake halikuwa sayansi, bali kutoomba.

Aidha, msimamizi anayekataa si adui wa maendeleo. Programu za siri za kuchimba sarafu za mtandaoni zina tabia ile ile: zinatumia prosesa usiku kucha na kuwasiliana na seva za mbali. Kutoka upande wake wa ukuta, mwizi na mwanasayansi wanafanana.

Kinachotakiwa ni barua. Itaje jina la mradi, taasisi inayouendesha, anwani zitakazofikiwa, saa za kazi, na ukubwa wa mafaili, kwani yale ya mradi wa mvua ni mazito kuliko ya miradi mingi. Pia itaje umeme, ambao waombaji wengi huunyamazia. Kompyuta inayokula wati 100 mchana na usiku hutumia uniti 72 kwa mwezi. Kwa maabara ya 40 ni uniti 2,880. Mkuu wa chuo ana haki ya kuuliza nani atalipa. Jibu la busara ni kuanza na mashine tano, zifanye kazi katika saa ambazo tayari zimewashwa.

Upo ukuta mmoja ambao barua haiufikii. Intaneti ilipozimwa nchi nzima Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, na kuanza kurejea takriban siku tano baadaye, kompyuta yenye BOINC iliweza kuendelea kukokotoa vipande ilivyokwisha kuvipakua. Lakini kila kipande kina siku yake ya mwisho. Kile kilichopitwa na muda ndani ya siku hizo, seva hukihesabu kuwa kimepotea na kumpa mtu mwingine, wa nchi nyingine, aanze upya.