Makerere ya Zamani: Joho Jekundu na Lugha ya Nyumbani

Wahenga walinena kwamba mwanzo wa ngoma ni lele. Baadhi ya waandishi mashuhuri wa Afrika ya Mashariki, ambao vitabu vyao husomwa leo mashuleni, walianza na kurasa chache tu, zilizoandikwa katika mabweni ya kilima cha Makerere, mjini Kampala.

Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ndogo ya ufundi yenye wanafunzi 14. Wanawake wa kwanza, sita kwa idadi, walipokelewa mwaka 1945. Kufikia mwisho wa miaka ya hamsini, vijana wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Unguja walikuwa wakikutana hapo, wamevaa majoho mekundu, wakijiandaa kwa shahada za Chuo Kikuu cha London. Jioni bweni lilishindana na bweni kwa michezo ya kuigiza iliyotungwa na wanafunzi wenyewe. Mwaka 1958 Idara ya Kiingereza ilianzisha jarida dogo, Penpoint, na mwanafunzi aliyechapishwa humo alitembea kifua mbele.

Miongoni mwa wanafunzi hao alikuwamo kijana wa Kikenya, James Ngugi, aliyeingia chuoni mwaka 1959 na ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Ngugi wa Thiong'o. Alipenda kusimulia jinsi alivyomsimamisha njiani Jonathan Kariara, mwanafunzi aliyemtangulia, akamwambia kwamba ameandika hadithi fupi; je, angekubali kuitazama? Kwa kweli hadithi yenyewe haikuwapo. Lakini Kariara alikubali, na ahadi ni deni. Ikambidi kijana huyo aketi kitako na kuiandika. Hadithi hiyo, juu ya mti wa mugumo unaoheshimiwa na Wakikuyu, ilichapishwa katika Penpoint.

Mwezi wa Juni 1962 waandishi wa Kiafrika walikutana Makerere. Walikuja Chinua Achebe na Wole Soyinka wa Nigeria, na Ezekiel Mphahlele wa Afrika ya Kusini. Kutoka Marekani alikuja mshairi Langston Hughes. Grace Ogot na Rebeka Njau wa Kenya walikuwapo pia. Ngugi, angali mwanafunzi, alimpa Achebe mswada wa riwaya yake. Achebe aliusoma, akatoa ushauri, kisha akaupeleka kwa wachapishaji. Riwaya hiyo, Weep Not, Child, ilitoka mwaka 1964.

Hata hivyo, mkutano huo ulikuwa na mlango mmoja uliofungwa. Walioalikwa ni wale walioandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert wa Tanganyika, ambaye Kusadikika yake ilikuwa imechapishwa tangu mwaka 1951, hakuwa na kiti, kwa kuwa kalamu yake ilinena Kiswahili. Mwezi huo huo wa Juni alifariki dunia. Kiswahili, lugha iliyozoeleka kwa miaka mingi katika kambi za askari na polisi wa Uganda, hakikuwa na nafasi katika meza ya waandishi, mwendo mfupi tu kutoka kambi hizo.

Mwaka uliofuata Obi Wali wa Nigeria aliandika katika Transition, jarida lililoanzishwa Kampala na Rajat Neogy mwaka 1961, akionya kwamba fasihi ya Afrika inayozikimbia lugha za Afrika haina pa kwenda. Wengi walimpinga. Ngugi naye alichukua miaka mingi kukubali. Mwaka 1977 mchezo alioutunga pamoja na Ngugi wa Mirii kwa lugha ya Kikuyu ulichezwa na wanakijiji wa Kamirithu. Tangu hapo hakuiacha tena lugha ya mama yake, mpaka alipofariki mwezi Mei 2025.

Makerere ya zamani basi iliacha mafunzo mawili. La kwanza, kipaji hukua pale mtu mmoja anapokubali kusoma kazi ya mwenziwe. Kama Kariara angempita kijana yule njiani, pengine hadithi ile isingeandikwa. La pili, kipaji hakichagui lugha. Wachaguao ni watu. Askari anayemwandikia mkewe barua kwa Kiswahili safi, akamweleza mvua ya mpakani na njaa ya kuwaona watoto, tayari ameshika kalamu ya mwandishi. Na mtoto aletaye daftari jioni, akiomba kusomwa, asiambiwe angoje kesho, wala asiulizwe kwanza ameandika kwa lugha gani.