Kizazi Moto, Lugha Baridi



Tarehe 5 Julai 2023 kampuni ya Disney ya Marekani ilitoa mfululizo wa filamu fupi kumi za katuni, uliosimamiwa na studio ya Triggerfish ya Cape Town. Watunzi wake ni wasanii wa nchi sita za Afrika: Afrika Kusini, Kenya, Misri, Nigeria, Uganda na Zimbabwe. Zote ni hadithi za kubuni za kisayansi. Mfululizo huo umeitwa Kizazi Moto, na filamu mojawapo yaitwa Hatima. Siku mbili baadaye, tarehe 7 Julai, dunia iliadhimisha Siku ya Kiswahili.

Mwenye kusoma majina hayo angetarajia kukisikia Kiswahili. Hakisikii. Wahusika huzungumza Kiingereza, kilichonyunyiziwa maneno machache ya lugha zetu mithili ya chumvi juu ya mchuzi wa mwenyewe.

Haki na isemwe: kazi yenyewe ni nzuri. Katika Herderboy, Raymond Malinga wa Uganda amechora ufalme wa Wachwezi wa wakati ujao, na kijana Ndahura anayetamani kuingia katika kundi la wachungaji mashujaa. Hapa Burundi, nchi ambayo ng'ombe amekuwa heshima, mahari na salamu, nani asiyeguswa na picha hiyo? Ng'endo Mukii wa Kenya naye ametunga Enkai, jina ambalo Wamaasai humwitia Mungu. Sanaa hiyo haina deni kwetu. Mwenye deni ni yule aliyekifanya Kiswahili kibao cha duka, ilhali biashara ya ndani yaendeshwa kwa lugha nyingine.

Yafaa tujiulize mtoto wa Gitega au wa Muyinga anajifunza nini hapo. Anajifunza kwamba Mwafrika aweza kuruka angani, lakini akifika huko lazima aseme Kiingereza. Na somo hilo linamwangukia mtoto ambaye tayari amesikia mengi mabaya juu ya lugha hii. Katika nchi yetu wapo hata leo wanaolitaja jina la Mswahili kwa maana ya mjanja au mwongo. Kiswahili, wasemavyo, ni cha sokoni na cha madereva wa njia ya Kobero. Sisi twakifundisha katika shule za msingi. Wao wanamwambia mtoto kwamba hakimfikishi popote zaidi ya mpakani.

Tutajibiwa kwamba Kiswahili hakina maneno ya mambo hayo. Jibu hili limechakaa. Tangu mwaka 2014 katuni za Ubongo Kids, zinazotengenezwa Dar es Salaam, zimefundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili, na watoto wameziimba. Kabla ya hapo, mwaka 1995, Katama Mkangi alichapisha riwaya ya Walenisi, ambamo Dzombo anarushwa kwa chombo hadi nchi nyingine kabisa. Nao wasimulizi wa vibanda vya video vya Tanzania, akiwamo marehemu Lufufu, walizifanya filamu za kigeni zinene Kiswahili. Hawakungoja kamati ya istilahi.

Tutajibiwa pia kwamba soko ndilo linaloamua. Basi tuwatazame Wajapani, mabingwa wa katuni za namna hii. Tangu Astro Boy ya Osamu Tezuka, iliyoanza kuonyeshwa Januari 1963, roboti wao wamesema Kijapani kwanza. Nao Wafaransa, walipoinunua Grendizer mwaka 1978, waliiita Goldorak, wakaitia sauti za Kifaransa, na watoto wao wakaipenda kama ya kwao. Mjapani hakuacha lugha yake ili apendwe, wala Mfaransa hakumwachia mtoto wake lugha ya mgeni. Sisi peke yetu ndio tunaoambiwa turidhike na jina.

Wengine watauliza: na Kirundi je? Kirundi ni lugha ya mama, na heshima yake haipunguzwi na jambo hili. Kiswahili ndicho kinachotuunganisha na majirani zetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, tuliyojiunga nayo mwaka 2007. Anayezigombanisha lugha hizi mbili anaifanyia kazi lugha ya tatu.

Kulalamika pekee hakutoshi. Kila filamu katika mfululizo huu ni ya dakika kumi hivi. Darasa moja la Gitega na darasa moja la Muyinga yachague filamu moja, yaandike maneno ya wahusika kwa Kiswahili fasaha, kisha wanafunzi wayatamke mbele ya wenzao huku sauti ya filamu imezimwa. Patahitajika neno la chombo, la silaha, la kiumbe kisichokuwapo. Hapo ndipo mtoto atakapokuwa mtunzi wa lugha. Nacho chama chetu kidai kwa maandishi kwamba yeyote anayeuza kazi kwa jina la Kiswahili aiwekee walau maandishi ya Kiswahili chini ya picha.

Jina wameshalichukua. Sasa na waichukue lugha nzima.