Vipimo Visipoonyesha Kitu, Mgonjwa Bado ni Mgonjwa

Kuna ugonjwa ambao watu huona aibu kuutaja hata mbele ya mganga, kwa kuwa habari zake zote ni habari za choo. Mgonjwa huumwa tumbo kwa vipindi, miezi na miaka. Mara anaharisha, mara anakaa siku tatu au nne bila kupata haja kubwa, mara tumbo linajaa gesi hata nguo zinambana. Akienda choo hupata nafuu kidogo, lakini anatoka akijisikia kama hajamaliza. Katika mafaili ya hospitali ugonjwa huu huandikwa kwa herufi tatu tu, IBS. Sisi tutauita utumbo msumbufu.

Utumbo wa mgonjwa huyu hauna kidonda wala uvimbe. Kasoro iko katika mawasiliano kati ya utumbo na ubongo: mishipa ya fahamu ya tumbo huhisi kupita kiasi, na misuli ya utumbo husukuma chakula ama upesi mno ama polepole mno. Ndiyo maana maabara haioni kitu. Mara nyingine taabu hii huanza baada ya maambukizo ya tumbo. Mnamo mwaka 2000, katika mji mdogo wa Walkerton huko Kanada, maji ya bomba yaliingiwa na vijidudu kutoka kinyesi cha ng'ombe. Watu zaidi ya 2,300 waliugua na 7 wakafariki. Madaktari waliowafuatilia kwa miaka mingi baadaye waliona kwamba wengi, ingawa vijidudu vilikwisha kutoka mwilini, walibaki na utumbo msumbufu. Basi sisi ambao kuharisha kwatujia kila msimu wa mvua, tusidhani kwamba huu ni ugonjwa wa watu wa mbali.

Njia anayopitia mgonjwa wa namna hii twaijua sote. Kwanza ataambiwa ana taifodi, kwa sababu kipimo cha Widal kimesema hivyo, na kipimo hicho chaweza kusema hivyo hata kwa mtu asiye na taifodi. Atameza dawa. Mwezi unaofuata ni amiba, kisha minyoo, kisha vidonda vya tumbo. Kuku wawili wameuzwa, na mbuzi naye yuko njiani. Mwishowe, vipimo vyote vikiwa safi, anaambiwa: "Mama, huna ugonjwa wowote, ni mawazo tu. Nenda nyumbani." Neno hilo tunalipinga. Kipimo kutoonyesha kitu si sawa na mtu kutoumwa. Na aliyeambiwa hana kitu hatulii nyumbani; huenda kwa muuza dawa, au kwa anayetangaza dawa ya kusafisha tumbo, na huko fedha iliyobaki humalizika.

Msimamo wetu ni kwamba katika ugonjwa huu uuguzi si nyongeza ya matibabu. Ni sehemu kubwa ya matibabu yenyewe. Hatusemi hivyo kwa kuwaonea huruma wauguzi. Mwaka 2008 ilitangazwa taarifa ya uchunguzi uliofanywa huko Boston, Marekani, kwa wagonjwa 262 wa utumbo msumbufu. Kundi la kwanza liliwekwa tu katika orodha ya kusubiri. Kundi la pili walichomwa sindano za bandia zisizopenya ngozi, na mtoa huduma hakuzungumza nao sana. Kundi la tatu walipata sindano zile zile za bandia, lakini mtoa huduma alikaa nao, akawauliza habari zao, akasikiliza bila haraka. Baada ya majuma matatu, waliosema wamepata nafuu ya kutosha walikuwa 28 kwa kila mia katika kundi la kwanza, 44 katika la pili, na 62 katika la tatu. Hatupendekezi mtu yeyote adanganywe kwa sindano. Lakini tofauti ile kati ya 44 na 62 haikutoka duka la dawa.

Tunajua litakalosemwa: muuguzi mwenye foleni ya watu themanini atapata wapi nafasi ya kukaa na mmoja? Hoja hii ni ya kweli. Hata hivyo, mgonjwa huyu huyu yumo katika foleni kila mwezi. Nusu saa moja, alasiri wagonjwa wakipungua, yaweza kuokoa mahudhurio kumi ya dakika mbili mbili.

Katika nusu saa hiyo muuguzi aanze na dalili za hatari. Je, kuna damu katika choo? Amekonda bila sababu? Ana homa, au amepungukiwa damu? Maumivu au kuharisha humwamsha usiku? Taabu imeanza akiwa amepita miaka 50? Kuna ndugu aliyepata saratani ya utumbo mpana? Likiwapo moja tu kati ya hayo, lisipewe jina la utumbo msumbufu. Apelekwe kwa daktari. Yasipokuwapo, mgonjwa aelezwe waziwazi ugonjwa wake ni nini, kwamba unasumbua lakini haugeuki kuwa saratani. Kisha apewe daftari aandike kwa majuma mawili alichokula, maumivu, na choo kilivyokuwa. Kwa jambo hilo kuna picha zilizochorwa na madaktari wa Bristol, Uingereza, na kutangazwa mwaka 1997: aina saba za choo, kuanzia vipande vigumu kama vya mbuzi mpaka maji matupu. Mtu mwenye haya hunyoosha kidole tu kwenye picha, mambo yakaisha.

Kuhusu chakula, watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, wameonyesha kwamba baadhi ya vyakula huwa na aina za sukari zisizosagika vizuri, ambazo huchacha tumboni na kuleta gesi. Kwa meza zetu hapa ni maharage, vitunguu maji na vitunguu saumu, ngano, maziwa, maembe na matikiti. Visiachwe vyote kwa maisha, la sivyo mgonjwa atadhoofika. Huachwa kwa majuma machache, halafu hurudishwa kimoja kimoja ili ajulikane mkosaji. Watoto, wajawazito na waliokonda wasifanye hivyo bila msaada wa mtaalamu. Wali, ugali wa mahindi, viazi mviringo, samaki na mayai kwa kawaida havina ugomvi. Maharage yalowekwe usiku kucha na maji yake yamwagwe. Na kwa mama anayeuliza mchuzi usio na kitunguu ni mchuzi gani, ipo njia: kaanga kitunguu katika mafuta, kisha kiondoe chote kabla ya kuweka nyanya au maji. Ladha hubaki katika mafuta, lakini ile sukari haiyeyuki katika mafuta. Pumba za ngano, ambazo wengi hushauriwa kwa ajili ya choo kigumu, mara nyingi huzidisha gesi. Uji wa oti (oats) ni afadhali.

Nyumbani, mgonjwa asifanyiwe mzaha wala kuitwa mwenye kudeka kwa sababu ameacha maharage. Mtoto wa shule aombewe ruhusa kwa mwalimu ya kutoka bila kujieleza mbele ya darasa. Na yule anayekaa kila Jumapili benchi la nyuma karibu na mlango, tusiharakishe kusema kwamba imani yake ni ya mlangoni.

Dawa nazo zipo: za kutuliza msokoto, za kulainisha choo, za kuzuia kuharisha. Mwaka 2023 uchunguzi wa Uingereza kwa wagonjwa 463 ulionyesha kwamba amitriptyline kwa kipimo kidogo, miligramu 10 hadi 30 usiku, yasaidia kuliko kidonge kisicho na dawa. Hapa pia pana kazi ya muuguzi. Dawa hii inajulikana zaidi kwa wagonjwa wa sonona. Mgonjwa asipoelezwa kwamba safari hii amepewa kwa ajili ya mishipa ya tumbo, na kwa kipimo kidogo zaidi, atasikia kwa jirani kwamba ni dawa ya akili, atasema "kumbe wameniona kichaa," na vidonge vitatupwa chooni. Aambiwe pia kwamba kinywa kitakauka na usingizi utakuwa mzito, na kwamba nafuu haiji siku ya kwanza bali baada ya majuma kadhaa.