MWIZI MPYA HATAMBULIWI KWA SURA

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Wengi wetu tunadhani kuwa tarakilishi ikishatiwa programu ya kuzuia virusi, basi yamekwisha. Mimi nakataa katakata!

Programu nyingi za aina hiyo zilianza kama bawabu aliyepewa picha za wezi wa zamani. Akija mwenye sura ile, anamkamata. Je, akija mwizi mpya? Si atamwamkia na kumfungulia lango! Tarehe 12 Mei 2017 ilizuka programu haribifu iitwayo WannaCry. Ilienea katika nchi zipatazo 150, ikifunga mafaili ya watu na kudai fidia. Huko Uingereza, maelfu ya wagonjwa walifutiwa miadi hospitalini.

Dawa ni ipi? Mwaka 1987 mtaalamu wa Marekani, Dorothy Denning, alichapisha kielelezo cha kugundua uvamizi: jifunze kwanza mwenendo wa kawaida wa watumiaji, kisha ushuku kila kinachoenda kinyume. Nami nawaunga mkono wanaosema tuchore pia hatua za mvamizi kabla hajafika. Sura hubadilika, lakini kazi ni ile ile: apapase milango, aingie, aenee kwa majirani, ndipo aharibu. Tarakilishi inayobisha hodi kwa mamia ya wenzake kwa dakika chache haiandiki insha!

Kuna watakaosema eti mlinzi kama huyu hupiga kelele za bure. Ni kweli. Siku ya matokeo ya mtihani, watu wengi hukimbilia tovuti moja kwa pamoja. Lakini Julai 2023, hapa kwetu Kenya, huduma za eCitizen zilikwama baada ya wavamizi kuzifurikisha kwa maombi kupita kiasi. Umati wa wazazi na umati wa wavamizi hufanana kwa mbali. Basi, tusimfukuze mlinzi, tumfundishe kutofautisha.

Na nani atamfundisha? Ni mimi na wewe. Vielelezo hivyo hujengwa kwa takwimu na uwezekano, yaani hesabu zile zile ambazo baadhi yetu huzikimbia kila kipindi cha hisabati. Shime, wenzangu! Tusingoje wageni waje kutulindia nyumba. Mwenye macho haambiwi tazama.