Mfalme Asiyezeeka na Shamba la Ekari Sita

Wazazi kadhaa wa hapa Muyama wametuletea lalamiko moja. Vijana wao, wakisharudi kutoka shambani na madrasa, hujitenga na simu zao hadi usiku mwingi wakicheza michezo ya wafalme wa kale. Wametutaka tuandike katika ukurasa huu kwamba jambo hilo ni upotevu wa wakati. Kuhusu saa zinazopotea na swala zinazocheleweshwa hatuna ubishi nao. Hata hivyo tuliona si uadilifu kuhukumu kitu tusichokijua, tukawaita vijana wenyewe na kuwauliza ni kipi hasa kinachowakesheza. Tulidhani watasema vita. Wao walisema urithi: baba akifa, nani atakaa kitini, na waliobaki watapata nini?

Mchezo waliotuonyesha unaitwa Medieval II: Total War. Uliundwa na kampuni ya Creative Assembly ya Uingereza ukatolewa mwaka 2006, na tangu mwaka 2022 unachezwa hata kwenye simu. Mchezaji hushika dola moja, iwe ya Waturuki, ya Misri au ya Wafaransa, akaiongoza kwa zamu kuanzia mwaka 1080 hadi mwaka 1530. Ndani yake mna kioja. Kila zamu inapopita, kalenda husogea miaka miwili, lakini watu huongezeka umri kwa nusu mwaka tu. Kwa hiyo mtu akikua mwaka mmoja, dunia inayomzunguka imekwisha kutembea miaka minne.

Tulipiga hesabu kwa mtawala tunayemfahamu. Sayyid Said bin Sultan, Allah amrehemu, alishika utawala wa Oman mwaka 1806 na kufariki mwaka 1856, yaani miaka hamsini ya utawala. Kwa kalenda ya mchezo huo miaka hamsini ya umri wake ingekuwa miaka mia mbili ya dunia. Angekuwa angali kitini mwaka 2006, mwaka ule ule mchezo wenyewe ulipotolewa.

Wachezaji wengi hawakuridhika na jambo hili. Kwa kawaida mchezo wa aina hii huacha baadhi ya mafaili yake wazi, na wachezaji huyabadili kwa kutengeneza kile wanachokiita modi. Walipotaka kurekebisha umri, waligundua kwamba kasi ya kuzeeka imefungiwa ndani ya programu, hawakuweza kuifikia. Kalenda ndiyo iliyokuwa wazi: mstari mmoja katika faili la maandishi, penye namba mbili. Wakaifanya nusu. Tangu hapo kila zamu ni miezi sita, kiangazi kisha kipupwe, na mfalme huzeeka sambamba na dunia yake. Dawa hiyo ina gharama. Zamu 225 za mwanzo zimekuwa 900 kwa anayetaka kufika mwaka 1530, na mambo yaliyopangwa kwa miaka, kama kuja kwa Wamongolia, huchelewa mara nne kwa hesabu ya zamu mpaka yapangwe upya. Wapo wanaoichukia modi ya namna hiyo kwa sababu hiyo tu.

Sisi tunaiona ina maana kubwa. Katika mchezo wa asili mtawala mmoja hushuhudia karne mbili, na suala la mrithi huwa dogo. Kalenda ikisharekebishwa, mchezaji hulazimika kulifikiria mapema. Mwana haingii uwanjani mpaka atimize miaka kumi na sita, na miaka hiyo sasa ni zamu thelathini na mbili zinazolingana na miaka kumi na sita ya dunia, si sitini na minne. Asiyekuwa na mtoto wa kiume huletewa pendekezo la kumwasili mtu mzima awe wa ukoo wake. Wanaume wa ukoo wakiisha, dola imekwisha.

Hapa vijana wetu wa madrasa walikuwa na la kusema kabla yetu. Mmoja alikumbusha kwamba kwetu mtoto wa kulea hawi mrithi wa nasaba, ingawa mlezi anaweza kumuusia katika theluthi ya mali yake. Nasi tuliongeza kwamba mchezo huo, unaomfungia mwanamke mlango wa kiti kabisa, ungeshindwa kuieleza hata historia ya Buha. Kiti cha Heru, huko Kasulu, kilikaliwa na Mwami Theresa Ntare, ambaye baadaye alikuwa pia mbunge. Mamlaka ya machifu yalifutwa nchini mwaka 1963. Wengi wa vijana hao hawakuwahi kulisikia jina lake.

Mchezo wa pili ulitusumbua zaidi. Ni Crusader Kings III, wa kampuni ya Paradox ya Sweden, uliotolewa mwaka 2020 na kuchezwa kwenye kompyuta. Huu umri wake hauna kasoro: mtu huzaliwa, huoa, huugua na hufa kwa kalenda moja na wengine. Mfalme akifa mchezaji hugeuka kuwa mrithi wake, na waliomtii baba humtilia shaka mwana kwa kuwa utawala wake ungali mchanga. Na kwa sehemu kubwa ya mchezo, nchi nyingi hugawanywa baina ya wana. Dola aliyoijenga baba kwa miaka arobaini hukatwa vipande siku ya mazishi.

Mchezaji anakwepaje? Tuliuliza, tukajibiwa bila haya. Wana wadogo huingizwa utawani, au hunyimwa urithi, au hupewa jeshi na kupelekwa mstari wa mbele kwa matumaini kwamba hawatarudi. Zipo pia modi zinazofungua sheria ya mrithi mmoja tangu siku ya kwanza. Kijana akicheza hivyo kwa mwaka mzima, mdogo wake katika hesabu huwa ni hasara inayotafutiwa njia ya kuondolewa. Tunaona hapo ndipo penye hatari, kuliko katika panga na mishale.

Tusiwacheke lakini, maana tatizo lenyewe lipo hapa kwetu. Baba ameacha shamba la ekari sita la kahawa na migomba, mke mmoja, wana wawili na mabinti wawili. Hana deni wala wasia. Fanya mafungu 48: mke thumuni yake ni 6, kila mwana 14, kila binti 7. Kwa ardhi ni robo tatu ya ekari kwa mjane, ekari moja na robo tatu kwa kila mwana, na chini kidogo ya ekari moja kwa kila binti. Wajukuu wakifikiwa, kila mmoja atakuwa na mistari michache ya mibuni. Ndipo kaka mkubwa anaposema shamba lisikatwe, akimaanisha liwe lake.

Sheria ya mirathi humpa kila mrithi haki yake; hailazimishi ardhi ikatwe kwa kamba. Warithi watu wazima wakiridhiana wanaweza kulilima pamoja na kugawana mavuno kwa mafungu. Au mmoja akatoka katika urithi kwa kulipwa kitu alichokikubali, jambo ambalo mafakihi huliita takharuj. Shamba hubaki zima na hakuna aliyedhulumiwa, ili mradi kila fungu limetajwa kwanza na ridhaa ni ya kweli, si ya dada kuonewa haya mbele ya wajomba.

Dola si shamba, lakini kilichowapata watoto wa Sayyid Said kinafaa kuangaliwa. Mwanawe Khalid, aliyetarajiwa kumrithi Zanzibar, alitangulia kufa mwaka 1854. Miaka miwili baadaye baba naye akafia baharini, karibu na Shelisheli. Thuwaini alikuwa Muscat, Majid Zanzibar, na kila mmoja akashika alipokuwa. Mwaka 1859 Thuwaini alituma jeshi kwa merikebu, Waingereza wakalirudisha. Mwaka huo huo Barghash alimwasi Majid, akapelekwa Bombay. Mwaka 1861 Lord Canning, mtawala Mwingereza wa India, akaamua: nchi mbili zitengane, na Zanzibar iilipe Muscat riale 40,000 kila mwaka. Ukitazama, ni ndugu mmoja kutolewa kwa malipo. Tofauti ni kwamba aliyepanga bei hakuwa ndugu wala kadhi, na hakuondoka. Mwaka 1890 Zanzibar ikawa chini ya himaya yake, na Agosti 1896, Khalid bin Barghash alipoingia kasri bila idhini yao, manowari zao zililipiga kwa muda usiotimia saa moja.

Tulipowasimulia vijana hayo, mmoja aliyetutajia kwa kichwa warithi wa falme saba za mchezo tulimuuliza baba yake ana mashamba mangapi. Hakujua. Kamati imekubali kwamba kila Jumamosi baada ya Alasiri, mzazi apendaye kuhesabiwa mafungu ya nyumba yake aje na wanawe na mabintize msikitini, akijua idadi ya warithi na ukubwa wa shamba. Kalamu na karatasi zipo. Simu zinaruhusiwa, sauti zikiwa zimezimwa.