Ndinga za kuigiza: Kwa nini Cobra feki inashika bei na Ferrari feki inaanguka?

Kuna watu wanaamini feki ni feki tu. Kiatu feki, simu feki, cheni feki, zote wanaweka kapu moja. Lakini ukiingia kwa soko la magari ya spoti ya kuigiza, hiyo hesabu inakataa. Kuna ndinga feki yenye mwenyewe akiiuza baada ya miaka kadhaa anarudisha ganji yake karibu yote, na saa zingine anabaki na ya soda. Kuna nyingine ikitoka tu kwa gereji, nusu ya pesa imeshakufa hapo hapo.

Na usidhani hii ni stori ya mabwenyenye wa Marekani peke yao. Kama uko Nairobi, Nakuru ama Eldoret na unatafuta Subaru, inakuhusu moja kwa moja. Tutafika huko. Kwanza tuangalie wale walioanza huu mchezo, ndio uelewe pesa hupotelea wapi.

Cobra: Feki yenye kila mtu anajua ni feki

Mwaka 1962, Carroll Shelby, Mmarekani aliyekuwa ameshinda mbio za Le Mans mwaka 1959, alichukua gari dogo na jepesi la kampuni ya AC ya Uingereza, akapanga injini ya Ford V8 ikae ndani. Hapo ndipo Cobra ilizaliwa. Kufikia 1967 ilipoacha kutengenezwa, zilikuwa zimetoka kama 1,000 hivi tu. Ile ya kwanza kabisa, CSX 2000, iliuzwa kwa mnada Agosti 2016 kwa dola milioni 13.75. Kwa bei ya dola ya siku hizi, hiyo ni zaidi ya KSh bilioni 1.7. Gari moja, buda. Bilioni.

Sasa nani ataendesha kitu ya bilioni akaenda nayo kununua mkate? Hakuna. Orijino zimefungiwa kwa mastoo ya matajiri. Zile unaona zikinguruma barabarani Marekani na Uingereza, karibu zote ni za kuigiza, na kila mtu anajua hivyo. Hakuna mtu anakuuliza "hii ni ya ukweli?" Watu wanauliza "nani alikutengenezea?" na "umeweka injini gani?"

Hilo swali la pili ndilo linashikilia bei. Kampuni kama Factory Five ya Massachusetts, iliyoanza mwaka 1995, inakuuzia vipande unajijengea nyumbani. Superformance nayo inakuuzia gari limemalizwa kila kitu isipokuwa injini na gia, hizo unajichagulia. Na hapa kuna kitu wengi hawajui: Superformance zinaundwa hapa hapa Afrika, kule Gqeberha, mji wa Afrika Kusini uliokuwa ukiitwa Port Elizabeth. Backdraft, ambaye ni mshindani wake, naye anaunda zake Durban. Kwa hivyo Mmarekani akiringa na Cobra yake kule Florida, kuna nafasi kubwa ilichomelewa na fundi Mwafrika. Hata kwa ile filamu ya 2019, Ford v Ferrari, magari mengi ya zamani uliyoyaona yakikimbia yalitoka kwa Superformance.

Superformance iliyokamilika na injini yake inapita dola 100,000 bila shida. Ni pesa mob, lakini mnunuzi wa pili analipa vizuri kwa sababu anajua amenunua nini. Mtengenezaji ana jina, spea ziko, na injini ni V8 kama ile babu yake alikuwa nayo. Mlio ni ule ule, na breki pengine zimepita za orijino.

Ferrari feki: Sura iko, roho haiko

Sasa geuka upande ule mwingine. Kati ya 1984 na 1988 kampuni ya Pontiac ilitengeneza gari linaitwa Fiero. Injini ilikaa nyuma ya dereva kama Ferrari, na bodi yake ilikuwa vipande vya plastiki vilivyofungwa juu ya fremu. Unavitoa, unaweka vingine. Mafundi wa Marekani waliona hiyo wakasema asante Mungu. Fiero zikaanza kuvalishwa nguo za Ferrari na Lamborghini kila kona. Kuna moja, Mera, iliyofanana na Ferrari 308 na ilikuwa inauzwa kupitia maduka ya Pontiac yenyewe. Ferrari ikaenda kortini, na kufikia 1988 hiyo biashara ikafungwa.

Shida ya hizo ndinga ni moja. Fiero ya kawaida ya 1984 ilikuwa na injini ya silinda nne, lita 2.5, nguvu za farasi 92. Ukiwa umeegesha, wewe ni sonko. Ukiwasha, mtaa wote unajua. Inaunguruma kama probox imebeba mirungi, na taa ikiwa kijani unaachwa na kila mtu. Njia ya mwongo ni fupi, na hii iliishia kwa ekzosi.

Ndiyo maana kwa soko la pili Fiero nyingi zilizovalishwa hivyo zinauzwa kwa pesa kidogo kuliko zile zilizotumika kuzivalisha. Mnunuzi hajui ni nani alikata fremu. Hajui nyaya zilipitishwa wapi. Taa ya nyuma ikivunjika, ataitoa wapi? Anajua pia kwamba kila siku ataulizwa lile swali lenye mwenye Cobra haulizwi: "Ni ya ukweli?"

Korti ilisema nini

Mwaka 1991 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kesi ya Ferrari dhidi ya mtengenezaji mmoja wa Tennessee aliyekuwa akiuza bodi za kuigiza za Daytona Spyder na Testarossa. Bodi peke yake ilikuwa dola 8,500. Daytona iliyokamilika ilikuwa dola 50,000. Testarossa ya ukweli ya 1989, kwa Ferrari wenyewe, ilikuwa dola 230,000.

Yule jamaa alijitetea kwamba wateja wake walijua vizuri wananunua za kuigiza, hakuna aliyedanganywa. Korti ikasema sawa, mnunuzi anajua, lakini yule mtu anayeliona likipita barabarani je? Yeye hajui. Na jina la Ferrari likishakuwa kitu cha bei rahisi machoni pa watu, mwenye jina ameumia. Ferrari wakashinda.

Hata televisheni ilionja huo moto. Ile Daytona nyeusi ya kipindi cha Miami Vice ilikuwa Corvette iliyovalishwa. Ferrari walipokasirika, mwaka 1986 watayarishaji wakailipua kwenye kipindi, na dereva akaletewa Testarossa nyeupe ya ukweli.

Shelby naye alipigana kortini na walioiga Cobra, lakini mwisho wa siku akawapa Superformance leseni, na pesa ya leseni ikawa inaingia. Sheria ya Marekani ya 2015 ikafuata njia hiyo hiyo: mtengenezaji mdogo anaruhusiwa kuuza hadi magari 325 ya kuigiza kwa mwaka, bora gari linaloigwa liwe lilitoka miaka 25 iliyopita au zaidi, na mwenye haki awe amekubali.

Brazil walionyesha mwisho wa ile njia nyingine. Julai 2019 polisi wa mji wa Itajaí walifunga gereji ya baba na mwanawe iliyokuwa inaunda Ferrari na Lamborghini feki, zikiuzwa kati ya dola 45,000 na 60,000 hivi. Gari likishanyakuliwa na polisi, resale yake ni sufuri.

Lakini kuna Ferrari feki iliyoomoka

Usiseme basi kila Ferrari feki ni takataka. Ile nyekundu ya filamu ya 1986, Ferris Bueller's Day Off, haikuwa Ferrari. Ilikuwa ya kuigiza, kwa sababu hakuna mtu angerusha ya ukweli nje ya dirisha. Mwaka 2020 moja ya zile feki za hiyo filamu iliuzwa kwa mnada kwa zaidi ya dola 350,000.

Ni kweli orijino ya aina hiyo iliwahi kufika euro milioni 16.3 kule Paris mwaka 2015, hiyo ni ligi nyingine. Lakini 350,000 kwa feki? Sababu ni kwamba ina stori yake yenyewe na kila mtu anaijua. Haikuuzwa ikijifanya mtu mwingine.

Hapo sasa umepata siri ya hii biashara nzima. Gari la kuigiza linashika bei likiwa linajulikana kuwa la kuigiza, limeundwa na mtu anayejulikana, na linafanya kazi ile sura yake inaahidi. Likianza kudanganya, kila mnunuzi anayekuja anakata bei, kwa sababu analipia hatari ya uongo wako.

Sasa rudi nyumbani: STI ya Kirinyaga Road

Hapa Kenya Cobra hatuna za kuhesabu. Sisi dini yetu ni Subaru. Colin McRae alishinda Safari Rally 1997 na Impreza ya buluu yenye rimu za dhahabu, na tangu hapo kuna kizazi kizima kinaota hiyo rangi. STI ya ukweli ni ghali. Kwa hivyo msee ananunua Impreza ya lita 1.5, anaenda Kirinyaga Road, anatafutiwa bonneti ya tundu, spoila kubwa, bampa, rimu za dhahabu na herufi tatu za waridi. Akitoka hapo, imekuwa STI.

Kuvalisha gari si dhambi. Ni lako, lipambe hata na maua. Shida inaanza siku ya kuuza, broka anapoliweka mtandaoni kama STI na bei ya STI. Tofauti kati ya hizo gari mbili za umri mmoja inaweza kuwa mara mbili au zaidi. Hiyo tofauti ndiyo shamba lako kule ushago, ama karo ya mtoto ya miaka miwili.

Na ukishalipa, maumivu hayaishi. Ukienda kuchukua bima ya komprihensivu, mkaguzi hapimi spoila. Anaangalia logbook, inasema sisi 1,500, anakuandikia bei ya gari la sisi 1,500. Likiibwa, unalipwa hiyo. Kama mtu aliweka injini ya turbo kisirisiri na NTSA hawana habari, ni mbaya zaidi: kampuni ya bima imepata sababu ya kukataa kukulipa.

Kwa hivyo kabla utume hata deposit, fanya hivi:

Moja, itisha logbook na usome ukubwa wa injini. Subaru ya turbo ya lita 2 haiwezi kuandikwa 1,500.

Mbili, fungua bonneti usome namba ya chasisi. Zile za umbo la 2000 hadi 2007, STI huanza na GDB. Za umbo lililofuata, hatchback ni GRB na sedan ni GVB, na ile STI ya otomatiki ya hatchback ni GRF. Ukikuta GD2, GD3, GH2 au GH3, hiyo ni 1.5 imevaa suti ya kuazima.

Tatu, angalia chini ya lile tundu la bonneti. Kwa turbo ya ukweli utaona intakula imelala hapo juu ya injini. Kama tundu limezibwa ama chini yake hakuna kitu, hilo ni pambo tu.

Nne, itisha karatasi ya mnada wa Japani kama gari liliingia hivi karibuni. Iko na modeli na hali ya gari kabla fundi yeyote wa hapa alishike.

Na kama wewe ndiye unauza ile uliyovalisha, jifunze kwa watu wa Cobra. Andika wazi: Impreza 1.5, bodi ya STI, kazi ilifanywa na fundi fulani, risiti hizi hapa. Kuna kijana anataka sura hiyo bila kuchoma mafuta ya turbo, na huyo atakulipa vizuri bila kelele. Lakini ukiandika STI, mteja wa kwanza mwenye macho akisoma ile GH3 ataondoka, atawaambia mabeshte wake, na hiyo ndinga itakaa kwa yadi hadi rimu zipauke.